Alichokiona msasi ndani ya mwili wa paa

Asubuhi moja ya kiangazi, miaka mingi nyuma, huku kwetu Unguja, ami yangu alinijia na kifurushi cha jani la mgomba, akakiweka juu ya baraza na kunitaka nikifungue mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na mapafu ya paa, na juu ya mapafu hayo vilitokeza vinundu vyeupe, vingine vidogo kama punje ya mtama na vingine vikikaribia ukubwa wa kunde, ambavyo vilipopasuliwa kwa ncha ya kisu vilitoa uchafu mzito wa rangi ya maziwa yaliyoganda. Ami aliniambia kwamba mnyama huyo alikuwa mzima machoni, alikimbia vyema mpaka akajitia wavuni, na kwamba katika usasi wake wote hakuwahi kuona mapafu ya namna ile. "Wewe ndiye uliyesomea mambo ya ng'ombe," alisema, "basi nambie, mwanangu, hiki ni kitu gani, na nyama yake inalika?"

Nilichosomea kilikuwa mafunzo ya wiki chache ya wahudumu wa mifugo wa vijijini: kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe, kupiga sindano, kutambua ndigana, ile homa ya ng'ombe iletwayo na kupe. Nilimshauri asiile nyama ile, nikakata kipande cha pafu, nikakitia ndani ya chupa, nikapanda daladala hadi mjini na kukikabidhi katika ofisi niliyoelekezwa. Nilipewa karatasi yenye namba iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi. Nilirudi kuulizia mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa nisubiri, na mara ya pili hapakuwa na aliyeikumbuka chupa wala namba yake. Ami aliniuliza mara tatu. Baada ya hapo hakuuliza tena, na wala hakuniletea kitu kingine kwa miaka kadhaa, ijapokuwa nilijua fika kwamba alikuwa akiendelea kwenda maweni, kwenye vichaka vya mawe ya matumbawe, na mbwa wake.

Kisa hiki kilinirudia nilipokuwa nikisoma habari za jimbo la Michigan, kule Marekani, ambako wawindaji wamekuwa kwa zaidi ya robo karne ndio macho ya serikali katika kufuatilia kifua kikuu cha ng'ombe ndani ya miili ya kulungu wa mwituni. Kilichonishitua ni mwanzo wake. Mwaka 1975 mwindaji mmoja katika kaunti ya Alcona alimpiga kulungu jike aliyekutwa na kifua kikuu, na wataalamu wa wakati huo wakalichukulia jambo lile kuwa ni bahati mbaya ya mnyama mmoja. Miaka 4 baadaye jimbo hilo likatangazwa kuwa mifugo yake imesafika na maradhi hayo. Ilipofika mwaka 1994, katika kaunti jirani ya Alpena, mwindaji mwingine akapata kulungu mwenye vinundu vile vile, na safari hii walipowapima kulungu wengine waliowindwa katika eneo lile walikuta kwamba maradhi yalikuwa yamejijengea makazi mwituni. Mwaka 1998 yakagunduliwa katika zizi la ng'ombe. Baina ya kulungu wa kwanza na wa pili kulipita miaka 19, na mimi niliposoma sehemu hiyo niliifikiria ile chupa yangu.

Tangu hapo mwindaji wa Michigan anayeua kulungu katika kaunti zinazohusika hutakiwa au huombwa apeleke kichwa cha mnyama wake katika kituo cha ukaguzi. Kichwa kinatosha, kwa sababu vijidudu vya kifua kikuu hupenda kukaa katika tezi zilizo nyuma ya koo, na tezi hizo ndizo zinazopasuliwa na kuchunguzwa maabara. Kulungu waliokwisha kupimwa kwa njia hiyo wanapindukia laki 2, idadi ambayo hakuna serikali ingeweza kuifikia kwa kuwatuma watumishi wake porini na bunduki. Ramani iliyotokana na vichwa hivyo ndiyo iliyoonyesha mahali maradhi yalipojikusanya, na ndiyo iliyofichua sababu mojawapo: watu walikuwa na desturi ya kumwaga marundo ya karoti na viazisukari ili kuwavuta kulungu wakati wa baridi, na wanyama waliokuwa wakila mdomo kwa mdomo katika rundo moja wakaambukizana kwa mate na pumzi. Kulungu hao hao waliingia kwenye maghala ya majani makavu ya ng'ombe, wakala na kuyachafua. Wafugaji wakalazimika kuzungushia uzio chakula cha mifugo yao.

Kuna jambo dogo katika mpango huo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloubeba wote. Mwindaji anapokabidhi kichwa hupewa kipande chenye namba, na kwa namba hiyo huweza baadaye kujua mnyama wake alikutwa na nini.

Sisi huku Unguja hatuna kulungu wa aina ile. Tunaye paa, mnyama mdogo ambaye ukimwona akikatiza njia ya Muyuni alfajiri utadhani ni sungura mkubwa. Tunaye chesi, ambaye ni mdogo zaidi ya wengine wa jamii yake na ambaye Pemba pia wanaye. Na tunaye paa nunga, mwenye mgongo mwekundu na mstari mweupe mapajani, ambaye wazungu walimpa jina la Dakta Aders aliyekuwa akifanya kazi hapa enzi za ukoloni, na ambaye nje ya Zanzibar hupatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya. Wote hawa huishi katika vichaka vinavyoota juu ya mawe ya matumbawe, na ng'ombe wetu hufungwa kamba pembeni mwa vichaka hivyo hivyo tangu asubuhi mpaka jioni. Hakuna uzio. Mahali ng'ombe anapolala ukingoni mwa kichaka mchana, paa hupita usiku, na kupe aliyeanguka kutoka kwa mmoja hapati tabu kumsubiri mwingine.

Kisiwa hiki kimewahi kulipa gharama ya ujirani huo, na wenzangu wa rika langu wanaikumbuka. Mbung'o waliokuwa Unguja walikuwa wa aina moja tu, aina inayopenda vivuli vya misitu minene, na walikuwa wakiwanyonya nguruwe mwitu na paa kama walivyokuwa wakiwanyonya ng'ombe, wakisambaza vijidudu vya nagana vinavyomkondesha ng'ombe na kumkausha maziwa hata akawa mifupa na ngozi. Ng'ombe walipakwa dawa mgongoni na mitego ya vitambaa ikatundikwa, na mbung'o wakapungua sana, lakini katika msitu wa Jozani waligoma kwisha, kwa kuwa mle walikuwa na wanyama ambao hakuna mtu angeweza kuwapaka dawa. Ndipo ulipoletwa ule mpango wa kufuga mbung'o kule Tanga, kuwapitisha madume katika mionzi ili wasiweze kuzalisha, na kuwamwaga kwa ndege juu ya kisiwa kizima. Kuanzia mwaka 1994 walimwagwa zaidi ya milioni 8. Nakumbuka tulivyokuwa tukitoka nje kuiangalia ile ndege ndogo ikipita, na wazee wakibishana iwapo ni akili timamu kupambana na mbung'o kwa kuongeza mbung'o. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alikamatwa Septemba mwaka 1996, na hakuonekana mwingine tena.

Ninaieleza habari hii kwa kirefu kwa sababu inaonyesha kwamba ukitaka kujua hali ya zizi, huwezi kuishia kulitazama zizi. Vita dhidi ya sotoka, maradhi ya kirusi yaliyokuwa yakiua ng'ombe kwa makundi, ambayo mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imetoweka duniani, vilipata funzo hilo hilo kwa njia nyingine. Ng'ombe waliochanjwa huwa na kinga mwilini kama walivyo ng'ombe waliougua wakapona, na kwa hiyo damu yao haiwezi kukwambia waziwazi kama kirusi bado kinatembea. Nyati hachanjwi. Nyati kijana akikutwa na kinga ya sotoka, basi kirusi kimempitia katika maisha yake, na hapana maelezo mengine. Mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa duniani alikuwa nyati wa hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Paa wetu naye hachanjwi, haogeshwi wala hapewi dawa ya minyoo, na kila kilichomo maweni huandikwa mwilini mwake bila ya mtu kukifuta.

Sasa ni nani anayeusoma mwili huo? Daktari wa mifugo hapati nafasi ya kumpasua paa, na mlinzi wa msitu humwona kwa mbali. Msasi peke yake ndiye anayemshika akiwa bado na uhai, akamchinja kwa bismillahi, akamchuna na kumtoa matumbo papo hapo chini ya mti, na kwa kuwa anataka nyama yake iwe kitoweo cha nyumba yake mwenyewe, hutazama. Ami anajua ini zima linavyong'aa na linavyoteleza kidoleni. Anajua rangi ya bandama ya mnyama aliyekimbizwa kwa muda mrefu na ya yule aliyenaswa haraka. Mara nyingine nimemwona akiyanusa matumbo kabla ya kuyatupa, akaamua kwa harufu peke yake kwamba mbwa wasipewe. Maarifa haya hayakuandikwa popote, wala hakuna skuli yanakofundishwa. Pengine niseme hapa pia, kwa kuwa wageni wengi hawalijui hili, kwamba wasasi wa kwetu wana ada ya usafi inayotangulia mafunzo yoyote ya karantini: mtu anayefuga mbwa katika kijiji cha Waislamu hujifunza tangu utotoni nini kimeguswa na mate ya mbwa, nini kinahitaji kuoshwa mara saba na mojawapo kwa udongo, na kisu kipi hakichanganywi na kipi.

Ada hiyo hiyo, hata hivyo, inatuwekea pengo. Nguruwe mwitu huuawa kwa wingi zaidi kuliko paa, kwa sababu huchimbua muhogo na viazi na wasasi huitwa na wanakijiji wenyewe wawasake. Lakini wengi wetu hatumgusi. Akishauawa huachwa au hufukiwa, na hakuna anayejua alikuwa na nini ndani. Huyu ndiye mnyama anayeacha nyayo zake kwenye tope la visima vya ng'ombe kila kiangazi. Sina jawabu la jambo hili, na simlaumu mtu; ninachofanya ni kuwaomba wasasi watazame kwa macho tu yale yanayoonekana bila ya kupasua, kama vile vidonda kwenye kwato, mapovu mdomoni, kukonda kusikokuwa na sababu, au nguruwe aliyekutwa amekufa pasina jeraha.

Ni maradhi gani hasa ninayoyahofia? Mfugaji yeyote wa kusini atakutajia ndigana kali kabla ya nyingine, kwa sababu ndiyo inayotumalizia ndama: mitoki ya chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mapovu hutoka puani, na baada ya siku chache unachimba shimo. Bara wanayo shida ya ziada, kwani nyati hubeba vijidudu vya ndigana bila ya yeye kuugua. Hapa hatuna nyati, na kwa hiyo ng'ombe na kupe wake wanatosha kuuendeleza ugonjwa huo wenyewe. Paa simhesabu kuwa chanzo, namhesabu kuwa kipando cha kupe. Kinachonikosesha usingizi zaidi ni chombo cha baharini. Kila inapokaribia Idi, mbuzi na ng'ombe hushushwa kutoka bara, na si wote wanaoshukia mahali penye daktari. Sotoka ya mbuzi na kondoo, maradhi mengine na ile ya ng'ombe, ambayo hapa Tanzania ilithibitishwa mwaka 2008, haiishii kwa mbuzi. Huko Mongolia, ilipoingia mwituni mwishoni mwa mwaka 2016, iliangamiza maelfu ya swala wa jamii ya saiga. Nikilifikiria hilo pamoja na idadi ndogo ya paa nunga tuliobaki nao, naona kwamba tumezoea kujiuliza paa wanawapa nini ng'ombe wetu, na tumesahau kujiuliza mbuzi wetu wanawapa nini paa.

Ndugu zetu wa Pemba wana ushahidi wa karibu zaidi kuhusu vyombo. Kwa chanjo za mbwa zilizofanywa kwa subira mwaka hadi mwaka, kichaa cha mbwa kilitoweka kisiwani humo mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi kutoka nje, ikabidi kazi ianzwe tena, na ilipofika mwaka 2018 kikawa kimeondoka kwa mara ya pili. Wenye mbwa katika visiwa hivi si wengi, na wasasi ni sehemu kubwa yao. Ukiwa na wasasi wanaokuamini, una mbwa waliochanjwa.

Na hapa ndipo penye mwiba. Usasi wa paa una vibali, mipaka na misimu yake, na kwa sheria ya misitu namba 10 ya mwaka 1996 kuna wanyama, paa nunga akiwamo, ambao kuwawinda ni kosa. Mimi naunga mkono ulinzi huo kwa moyo wangu wote, na nimegombana na jamaa zangu wa damu kwa ajili yake. Lakini msasi aliyeona ini lenye kasoro ndani ya mnyama ambaye hakuwa na kibali cha kumuua, ataliripoti wapi? Akienda kwa sheha, mkuu wa serikali hapo kijijini, swali la kwanza litakuwa alimpata wapi. Akinyamaza, sisi sote tutakuwa tumenyamaza pamoja naye. Mwindaji wa Michigan hubeba kichwa cha kulungu hadharani, nyuma ya gari lake, kwa sababu leseni iko mfukoni. Ami yangu alikuja na jani la mgomba, alfajiri, kwa mtoto wa ndugu yake.

Nimewahi kulijadili suala hili na mtu wa misitu ninayemheshimu, na yeye aliona kwamba kumpokelea msasi sampuli bila ya kumuuliza kibali ni kumhalalishia. Nilimjibu kwamba daktari wa binadamu hamuulizi aliyeumia alikuwa akifanya nini usiku ule kabla ya kumfunga jeraha, na kwamba anayeuliza maradhi asiwe ndiye anayekamata. Hatukukubaliana. Bado naamini nilikuwa na haki, ingawa nakiri kwamba endapo mtu angeniletea kiungo cha paa nunga, ningepata tabu sana kumpokea kwa uso mkunjufu, na wakati huo huo ndicho kiungo ambacho ningetamani kuliko vyote kipimwe.

Kwa hivyo mimi na wenzangu wawili wafugaji tumeanza kwa kidogo. Tuna daftari la mistari, la kawaida, linalokaa kwangu. Ndani yake huandikwa mwezi, upande wa msitu, mnyama, na kilichoonekana. Jina la aliyekiona haliandikwi. Wasasi 4 wamekubali, na wa tano anakuja na maneno tu bila ya kitu mkononi, jambo ambalo pia linafaa. Tumekubaliana juu ya mambo machache ya lazima. Mnyama aliyekutwa amekufa mwenyewe huku damu isiyoganda ikimtoka puani au nyuma hapasuliwi kabisa, kwa sababu huenda ni kimeta, na kumpasua ni kuzimwaga mbegu zake ardhini zikae miaka na miaka. Mapafu yenye vinundu hayapewi mbwa. Nyama iliyotiliwa shaka hailiwi kwa hoja kwamba itachemka sana. Na mimi, kwa upande wangu, nimejifunga kwa sharti moja: sipokei kitu chochote mpaka niwe nimepata kwanza jina na namba ya simu ya mtu wa maabara atakayenijibu.

Mwezi uliopita ami alirudi, kwa mara ya kwanza tangu yale mapafu. Safari hii alikuwa na ini, la paa aliyenaswa ukingoni mwa bonde la mpunga la Cheju, na mifereji yake ya nyongo ilikuwa imekakamaa kama mirija ya mpira. Nililipeleka siku hiyo hiyo. Simu ilikuja baada ya siku 19: minyoo ya ini, wale wanaoishi kwanza ndani ya konokono wa majini kabla ya kupanda kwenye majani yanayoliwa. Nilikwenda kwake baada ya sala ya alasiri, nikamweleza juu ya konokono, juu ya maji ya bondeni, na kwa nini ng'ombe wake wawili anaowafunga kule nao wapewe dawa na wahamishiwe maweni kwa muda. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikata, kisha akaniambia kwamba kesho atawahamisha.

Nilipokuwa nikivaa viatu vyangu mlangoni, akaniuliza: "Na yale mapafu ya mwaka ule, je?"